Mtu wa mkono uwanjani

Mpira wa kikapu wa Marekani hufika Kisumu Ndogo, ndani ya Kibera, ukiwa umekatwakatwa. Mechi zenyewe hupigwa kati ya saa nane usiku na mapambazuko kwa saa zetu, Kibera ikiwa imelala na waliokesha ni mabawabu na kina mama wenye watoto wachanga. Kukipambazuka, kijana wa boda boda anayengoja abiria pale steji hufungua simu akakuta mechi ya saa mbili na nusu imefinywa ikawa sekunde 40. LeBron James anapaa, Stephen Curry anatupa kutoka mbali, wavu unatikisika, kwisha. Kawangware nako ni vivyo hivyo. Bando la intaneti halimruhusu mtu kutazama zaidi ya hapo, na hata lingemruhusu, siku imeshaanza na abiria wamefika.

Sina ugomvi na sekunde hizo 40. Nina ugomvi na kinachoachwa nje yake. Anayekata video huanzia pale mpira unapomfikia mfungaji na kuishia pale unapoingia. Yule aliyeweka skrini, yaani aliyesimama kama nguzo ili mlinzi amgonge yeye, mfungaji apate upenyo, alifanya kazi yake sekunde tatu kabla ya video kuanza. Yule aliyemsukuma adui mrefu kwa makalio mpaka akamtoa chini ya kikapu hayumo pia, kwa sababu mpira haukumwendea. Kwa hiyo tuna mashabiki wengi Nairobi wanaoujua mchezo huu kana kwamba unachezwa na watu watano wanaopanga foleni, kila mmoja akingoja zamu yake ya kurusha.

Soka ina bahati, kwa sababu soka tunaitazama nzima. Unalipa kiingilio, unabanana na wenzako kwenye benchi ndani ya banda la mabati, na kwa dakika 90 huna pa kukimbilia. Utaona hata yale usiyoyataka: beki anayepiga kelele kupanga wenzake, kiungo anayekimbia mbio ndefu kwenda kuziba njia ambayo mpira hautapita kamwe, na hautapita kwa sababu yeye ameiziba. Ndiyo maana mzee wa Kisumu Ndogo ambaye hajawahi kugusa mpira wa kikapu anaweza kumwelewa mchezaji wa kazi kuliko mjukuu wake mwenye jezi ya Lakers.

Mkumbushe mzee huyo usiku wa Aprili 28, 2010. Inter Milan walikuwa Camp Nou kulinda ushindi wa 3-1 walioupata kwao dhidi ya Barcelona. Huku kwetu mechi ilianza saa nne kasorobo usiku. Dakika ya 28 Thiago Motta akaonyeshwa kadi nyekundu, na Samuel Eto'o, mshambuliaji aliyekuwa amefunga katika fainali mbili za Ligi ya Mabingwa akiwa na Barcelona hiyohiyo, akarudi nyuma akawa beki wa pembeni. Si kwa dakika tano za dharura. Alikaba usiku kucha, akikimbizana na watu waliokuwa wakimpa pasi mwaka mmoja kabla. Inter walifungwa 1-0 na wakapita kwa jumla ya 3-2. Mechi ikikaribia kwisha kocha José Mourinho alimtoa Eto'o, na aliyeingia mahali pake kuendeleza ukabaji alikuwa McDonald Mariga wa Nairobi.

Fikiria kidogo mabadiliko hayo. Mshambuliaji mkubwa kuliko wote Afrika anatoka akiwa amechoka kwa kazi ya beki, anaingia kiungo Mkenya ambaye kazi yake ya maisha yote ni hiyohiyo. Mariga hakugusa mpira mara nyingi, wala hakuhitajika kuugusa. Alihitajika kusimama mahali sahihi kwa dakika chache zilizobaki. Mwezi uliofuata Inter wakatwaa kombe lao la tatu la msimu ule, Mariga akiwa benchi la akiba mjini Madrid.

Muulize sasa kijana wa miaka 20 anamkumbuka Mariga kwa nini. Akimkumbuka, atataja siasa.

Novemba 7, 2019, jina la Mariga lilikuwa kwenye karatasi ya kura ya jimbo la Kibra, katika uchaguzi mdogo wa kujaza nafasi ya mbunge Ken Okoth aliyefariki Julai mwaka huo. Alibeba tiketi ya Jubilee katika ngome ya ODM. Na historia ina utani wake: mwanzoni mwa 2010, Manchester City walipomtaka na kibali cha kazi cha Uingereza kikaleta shida, aliyeingilia kati kumtetea alikuwa Waziri Mkuu wa wakati huo, marehemu Raila Odinga, ambaye pia alikuwa mbunge wa Lang'ata, na Kibera wakati huo ilikuwa ndani ya Lang'ata. Mpango wa City ukaanguka, Inter wakamchukua. Miaka tisa baadaye kijana aliyetetewa akaja kuomba kura dhidi ya chama cha mtetezi wake, uwanjani kwa mtetezi wake. Imran Okoth wa ODM alipata kura 24,636, Mariga 11,230.

Kura za Kibra zina sababu zake na sitajifanya kuzieleza kwa mpira. Ila kampeni ile ilinifanya nijiulize mchezaji wa aina yake anaweza kuonyesha nini jukwaani. Divock Origi, mtoto wa Mike Okoth wa Harambee Stars, naye alikuwa mtu wa benchi Liverpool kwa sehemu kubwa ya muda wake. Lakini benchi la Origi lilizaa mabao: mawili dhidi ya Barcelona Mei 7, 2019, na jingine katika fainali Juni 1. Bao linarudiwa kwenye simu mpaka dunia iishe. Dakika za Mariga pale Camp Nou utazirudia vipi? Utamwonyesha mpiga kura mtu aliyesimama?

(Mpira wenyewe ulimrudisha baadaye. Desemba 2024 alichaguliwa makamu wa rais wa Shirikisho la Soka la Kenya.)

Sasa turudi kwenye kikapu, na tuje kwa mtu wa Lubumbashi. Bismack Biyombo alizaliwa huko Agosti 1992, katika mji ambao sokoni, shuleni na uani watu huongea Kiswahili chao cha Katanga. Angeteremka leo steji ya Kawangware angeelewana na muuza ndizi, ingawa wangechekana kidogo kwa lafudhi. Aliondoka kwao akiwa mvulana, akacheza Yemen, kocha Mreno Mário Palma akamwona kwenye mashindano ya vijana kule Jordan, na kutoka hapo akapelekwa Hispania, klabu ya Fuenlabrada. Aprili 2011 akaitwa Portland kwenye mechi ya Hoop Summit inayokutanisha vijana wa Marekani na wa dunia nzima. Alipata pointi 12, ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Hakuna aliyewahi kufikisha tarakimu mbili katika safu tatu kwenye mechi hiyo kabla yake, na ona safu yenyewe ya tatu ni ipi. Si pasi. Ni kazi ya kuwanyima wengine.

Alichaguliwa wa 7 mwaka huo timu za NBA, ligi kuu ya Marekani, zilipogawana wachezaji wapya, akaishia Charlotte. Msimu wake wa kwanza timu ilishinda mechi 7, ikapoteza 59, uwiano mbovu kuliko wowote katika historia ya NBA. Ni mahali pabaya pa kuanzia kwa mtu wa aina yake. Mchezaji wa kazi ni kama mtu wa mkono kwenye mjengo, wale wanaotoka Kibera na Kawangware asubuhi kwenda Kilimani na Lavington. Zege halipandi orofa ya nne bila yeye, lakini kama mjengo hauna fundi, au fundi hajui kusoma ramani, anaweza kuleta mawe na maji mchana kutwa na ukuta usisimame. Jioni atakayelaumiwa kwa uvivu ni nani? Charlotte hawakuwa na fundi. Wakasema Biyombo hajui kufunga, na kweli hakujua. Mitupo yake ya adhabu iliingia nusu tu na ziada kidogo. Mpira ukimkuta mbali na kikapu, kila aliyempenda alishika kichwa.

Mwaka 2015 Toronto Raptors wakamchukua kwa bei ya chini kwa viwango vya ligi hiyo, karibu dola milioni 3 kwa mwaka, awe msaidizi wa Jonas Valančiūnas. Toronto walikuwa na mafundi wawili, Kyle Lowry na DeMar DeRozan. Mei 2016 Valančiūnas akaumia kifundo cha mguu katikati ya michuano ya mtoano, na ghafla msaidizi akawa ndiye anayeanza dhidi ya Cleveland ya LeBron James katika fainali ya ukanda wa mashariki.

Cleveland walikuwa hawajafungwa hata mara moja katika mtoano wa mwaka ule. Mechi ya kwanza waliishinda kwa tofauti ya pointi 31, ya pili kwa 19. Mechi ya tatu ilichezwa Toronto usiku wa Mei 21, kwetu ikiwa saa tisa na nusu za alfajiri ya Jumapili, na sidhani kama Kisumu Ndogo nzima kulikuwa na redio moja iliyowaka kwa ajili yake. Toronto walishinda 99-84. DeRozan alifunga 32, Lowry 20. Biyombo alifunga 7.

Alikuwa na ribaundi 26.

Kwa asiyeujua mchezo, ribaundi ni mpira uliokosa, ukagonga pete au ubao ukarudi hewani. Kila mtupo uliokosa ni mali isiyo na mwenyewe kwa muda wa kupepesa jicho. Timu inayoshambulia ikiuokota, inajaribu tena, tena karibu zaidi. Ikiuokota inayolinda, shambulizi limekufa. Mtazamaji hudhani ribaundi ni suala la kuruka. Kuruka ni sehemu ndogo ya mwisho. Kazi huanza mpira ukiwa bado mkononi mwa mrushaji: unamtafuta adui aliye karibu nawe, unampa mgongo, unashusha makalio, unapanua viwiko bila refa kukuona, unamsukuma hatua moja, mbili, mpaka yeye ndiye aliye mbali na kikapu. Mara nyingi mpira wenyewe huangukia kwa mwenzako, ambaye hana aliyemgusa kwa sababu wewe umewashika wawili. Mwenzako anaandikiwa ribaundi. Wewe unaandikiwa hewa.

Kwa hiyo hata zile 26 ni chini ya kazi aliyoifanya. Ongeza mitupo minne aliyoizuia, na ile asiyoizuia kwa sababu mrushaji alimwona akaogopa akarusha vingine. Kyrie Irving wa Cleveland alipata mitupo 3 kati ya 19 usiku ule, mwenzake Kevin Love 1 kati ya 9. Sisemi yote ni kazi ya Biyombo. Nasema ukikata video ya mechi ile yenye sekunde 40 utamwonyesha DeRozan, na utakuwa umesema kweli nusu. Siku mbili baadaye Toronto walishinda tena, 105-99, mambo yakawa 2-2. Mwisho Cleveland walipita 4-2 na wakawa mabingwa wa NBA.

Kuna watu husema mchezaji kama huyu ni mpole, hajipendi, ana roho nzuri. Sikubaliani nao. Biyombo akizuia mtupo alitikisa kidole usoni mwa adui, kama alivyokuwa akifanya Dikembe Mutombo wa Kinshasa miaka ya tisini. Huo si upole. Dennis Rodman aliongoza NBA kwa ribaundi misimu 7 mfululizo, 1992 hadi 1998, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumshutumu kwa unyenyekevu. Kutofunga si tabia njema. Ni utaalamu, unaofunzwa kama utaalamu mwingine wowote, na unahitaji kiburi cha aina yake: kuamini kwamba ile hatua moja uliyomsukuma adui ina thamani sawa na kikapu, hata kama uwanja mzima umeinua simu kumpiga picha mwingine. Ukimsifu mtu huyu kwa roho nzuri umempa sifa rahisi ili usimlipe ile ngumu.

Na malipo ndiyo penye kizungumkuti. Kiangazi cha 2016 Orlando Magic walimpa Biyombo mkataba wa dola milioni 72 kwa miaka minne. Ukisikia haraka utasema, basi, haki imetendeka, wamemwona. Lakini mwaka huo fedha za mkataba mpya wa televisheni ziliingia NBA, na kiwango cha mishahara kinachoruhusiwa kwa kila timu kikaruka kutoka dola milioni 70 hadi 94 kwa mpigo. Timu zilikuwa na hela kuliko wachezaji wa kuzipa. Orlando tayari walikuwa na Nikola Vučević, wakamleta na Serge Ibaka wa Brazzaville, halafu Biyombo. Watu watatu warefu wanaotaka kusimama sehemu moja. Walishinda mechi 29, wakapoteza 53. Mwaka 2018 alirudishwa Charlotte, na mkataba ule ukawa mfano unaotajwa kila watu wanapoorodhesha fedha zilizotupwa.

Mtu ni yuleyule, mgongo uleule, makalio yaleyale. Thamani yake ilibadilika kwa sababu wanaomzunguka walibadilika. Hili ndilo linalomtofautisha na nyota, na sioni likisemwa vya kutosha. Nyota ukimhamisha anakwenda na pointi zake mkobani. Mchezaji wa kazi hana cha kubeba, thamani yake anaiacha ndani ya timu aliyotoka, kwenye pasi ya mwenzake, kwenye upenyo wa mrushaji. Ndiyo maana soko humlipa kidogo mno au kupita kiasi, na yote mawili humgharimu yeye.

Wapo waliojaribu kuihesabu kazi hii. Februari 2009 mwandishi Michael Lewis alichapisha katika jarida la gazeti la New York Times makala ndefu juu ya Shane Battier wa Houston Rockets, mtu ambaye takwimu zake zilikuwa za kawaida kabisa lakini kila timu aliyoichezea ilikuwa bora akiwa uwanjani kuliko akiwa benchi. Dawa yake kwa Kobe Bryant ilikuwa kusoma. Klabu ilimpa takwimu za mahali Bryant anapofunga zaidi na anapofunga kidogo, naye kazi yake ikawa kumsukumia kule kwa pili na kuinua kiganja mbele ya macho yake. Bryant bado angefunga, lakini kwa jasho zaidi. Battier baadaye alitwaa ubingwa mara mbili na Miami, 2012 na 2013. Mwaka 2016, katika mtoano uleule wa Biyombo na Cleveland, NBA yenyewe ilianza kuchapisha hesabu za vitu kama skrini zilizozaa kikapu, mipira iliyoguswa ikapotea njia, na mara ambazo mchezaji alisimama imara akakubali kugongwa ili adui apigiwe filimbi.

Ni hatua, lakini isikudanganye. Skrini huhesabiwa tu mrushaji akipata. Ukimwekea mwenzako skrini nzuri kuliko zote duniani akakosa, umefanya bure.

Mwanzoni mwa msimu wa 2021-22 Biyombo hakuwa na timu. Baba yake alikuwa amefariki 2021. Januari 2022 Phoenix Suns wakampa mkataba, na akatangaza kwamba mshahara wake wote wa msimu ule, karibu dola milioni 1.3, utajenga hospitali nchini Congo kwa kumbukumbu ya baba yake. Wapo waliosema, kwa mshangao wa kweli, kwamba huo ni ukarimu wa ajabu. Ni ukarimu, ndiyo. Ila nikiisoma habari ile hunijia pia wazo kwamba mchezaji aliyepata hela za kutoa hivyo alizipata miaka ile alipokuwa anachekwa kwa kulipwa kupita kiasi.

Phoenix walishinda mechi 64 msimu ule. Kisha akaenda Memphis, kisha Oklahoma City, na Februari 2025 San Antonio Spurs wakamwita kwa mkataba wa siku 10, ule ambao NBA huwapa watu wa kuziba pengo. Siku hizohizo Victor Wembanyama, Mfaransa mrefu ambaye klabu nzima imejengwa juu yake, akagunduliwa ana damu iliyoganda begani na msimu wake ukaisha. Kibarua wa siku 10 akajikuta ndiye anayeanza. Alikuwa na miaka 32, na tayari alishadumu kwenye ligi hiyo kuliko nusu ya waliochaguliwa kabla yake mwaka 2011.

Kwetu mchezo huu una tatizo la kwanza kabla ya hayo yote, nalo ni sakafu. Soka inajitengenezea uwanja popote penye vumbi na mawe mawili. Kikapu kinataka sakafu ngumu iliyosawazishwa, pete iliyokazwa futi 10 juu, na mpira wenye pumzi, na ndani ya Kisumu Ndogo nyumba zimebanana kiasi kwamba watu wawili wakikutana njiani mmoja hugeuka ubavu. Kijana anayetaka kucheza hutafuta uwanja wa shule au hutembea kwa miguu mpaka Uwanja wa Nyayo, kwenye ukumbi ambako ligi ya Kenya huchezwa. Akifika kwenye sakafu mara moja moja tu, na wenzake kumi wanangoja, atafanya mazoezi gani? Atarusha. Hakuna anayetumia dakika zake tano za sakafu kujifunza kumsukuma mtu kwa makalio.

Februari 2021, Yaoundé, Kenya iliifunga Angola 74-73 na kufuzu AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Angola wakati huo ilikuwa bingwa wa Afrika mara 11. Mtupo wa mwisho ulitoka mkononi mwa Tylor Ongwae na kila shabiki wa kikapu Kenya ameutazama. Ongwae anastahili kila sifa, ule mtupo ni wa ujasiri. Ila Angola walizuiwa kufikisha 75, na hilo lilichukua dakika 40 za watu wengi. Kocha Liz Mills alipata sifa zake kwa haki. Wale watu wa chini ya kikapu sijawaona kwenye bango lolote. Watu hao, wakirudi kwao, wanaulizwa ulifunga ngapi.

Tangu wakati huo mambo yamesogea. Nairobi City Thunder ilikuwa timu ya kwanza ya Kenya kucheza Basketball Africa League, Kigali, Mei 2025, na mpira wa kulipwa wa kikapu umekuwa jambo ambalo kijana wa Kibera anaweza kulifikiria bila kuanza na viza ya Marekani. Klabu ya kulipwa ina makocha wanaorudia kutazama mechi nzima, na makocha hao ndio watazamaji wa kwanza wa haki ambao mchezaji wa kazi huwapata.

Lakini kabla hajafika huko lazima apitie mashindano ya shule na ya mtaa, na hapo kuna karatasi. Karatasi rasmi ya mechi, ile ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, inayojazwa mezani kwa kalamu kutoka Kigali hadi Kawangware, ina nafasi ya pointi za kila mchezaji. Ina nafasi ya makosa yake, miraba mitano. Ina nafasi ya mapumziko yaliyoombwa na makocha. Ribaundi haimo, skrini haimo, wala mtupo uliozuiwa. Ligi kubwa huweka mtu wa kompyuta pembeni ahesabu hayo, mashindano madogo mara nyingi hayana. Maana yake msichana au mvulana aliyekaba mchana kutwa, akaumiza mbavu kwa ajili ya wengine, akija kusomwa na mtu wa kuteua wachezaji, ataonekana hana pointi na ana makosa manne. Anaingia kwenye kumbukumbu za mchezo kama mkosaji tu.

Walimu wa michezo wanaoweza kulirekebisha hilo hawahitaji kompyuta. Daftari la mazoezi la kurasa 32 linatosha, na mwanafunzi mmoja wa akiba mwenye macho: mstari kwa kila adui aliyepewa mgongo, mstari kwa kila skrini, mpira uingie usiingie. Mwisho wa mechi mistari isomwe kwa sauti pamoja na pointi.

Na wewe uliyezoea sekunde 40, ligi ikirudi Nyayo, fanya jaribio dogo. Usiufuate mpira. Chagua mchezaji mmoja mrefu ambaye jina lake hulijui, mtazame robo ya kwanza peke yake, dakika 10 tu, mpira uende utakakokwenda. Utakosa vikapu kadhaa. Jirani yako atakuambia vilivyoingia.